Mchanga haumezi tetemeko

Fundi aliyekuwa akichimba msingi wa jirani yetu hapa Bagamoyo alichota mchanga kiganjani akaniambia, "Dunia itikisike itakavyo, huu unameza mtikisiko wote. Wa kuogopa ni mwenye jiwe chini." Vibarua wakaitikia. Kumbe mambo ni kinyume chake.

Kwenye mwamba mgumu wimbi la tetemeko hukimbia zaidi ya mita 760 kwa sekunde; kwenye udongo laini laweza kushuka chini ya mita 180. Wavuvi wetu wanalijua hili bila hesabu: wimbi likifika maji madogo hupunguza mwendo, na hapo ndipo hujiinua. Ardhini ni vilevile. Gonga meza yenye sinia la halua ya moto uone kinachocheza, meza au halua.

Fundi hakukosea kabisa. Mtikiso ukiwa mkali mno, udongo legevu hula sehemu ya nguvu yake. Ila huila kwa kuharibika wenyewe, na nyumba iko juu.

"La mbali halituhusu," nalo husemwa sana. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilipiga pwani ya Meksiko, na walioumia zaidi walikuwa Mexico City, zaidi ya kilomita 350 kutoka kitovu. Sehemu kubwa ya jiji hilo imekaa juu ya tope la ziwa la kale. Kujua tope hubembea kwenda na kurudi mara moja kwa muda gani, yaani mpigo wake, zidisha kina chake kwa 4, ugawe kwa kasi ya wimbi: mita 40 mara 4, gawa kwa 80, ni sekunde 2. Tope lilibembea kwa mpigo huo, likayachukua majengo ambayo nayo hubembea kwa mpigo wa karibu na huo, hasa ya ghorofa 6 hadi 15. Nyumba fupi nyingi pembeni yake zilisalimika.

Mchanga uliolowa una balaa lake. Maji yakipwa, simama ufukweni uchezeshe nyayo: mchanga unakuwa uji, miguu inazama. Tetemeko hufanya hivyo mtaa mzima, punje zikiachiana na uzito kubaki kwa maji. Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yaliinama, mengine yakakaribia kulala ubavu, kuta zikiwa nzima.

Nikamuuliza fundi kisima cha pale kina maji futi ya ngapi.

"Ya nane," akasema. "Masika hata ya tano."