Redio yako haijafa: kusikiliza vituo vya mbali wiki ya Krismasi, Mtwara

Kila Desemba watu wananiletea redio nzima. Hela ya korosho imeingia, mtu kanunua redio mpya au kaitoa kabatini ya marehemu baba yake, anataka kusikiliza ibada za Krismasi, halafu masafa ya kati na masafa mafupi yanatoa mikwaruzo mitupu. "Fundi, hii imekufa." Naiwasha bandani kwangu kwa betri, nazungusha taratibu, inaongea. Akifika nayo nyumbani inakwaruza tena. Kazi yangu ni mitambo ya redio, na vituo vya mbali nimevisikiliza tangu ujana, kwa hiyo naeleza hapa kinachotokea, mtu asije akauza redio nzuri kwa bei ya vyuma chakavu.

Adui wa kwanza yuko ndani ya nyumba. Ni zile taa za kumetameta zinazozungushwa kwenye mti wa Krismasi, zikisaidiwa na chaja za simu za bei ya chini na balbu za LED. Nyingi zina saketi ndogo inayokata na kurudisha umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde. Kukatakata huko kunazalisha mawimbi, na waya wa taa uliotandazwa ukutani unageuka antena ya kuyarusha nyumba nzima. FM haisumbuki sana, maana kipokezi chake kinafuata mabadiliko ya masafa na kupuuza kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, na kelele nyingi zinaingilia huko kwenye nguvu. Masafa ya kati na mafupi hayana kinga hiyo.

Bibi mmoja wa Chikongola husikiliza matangazo ya Kiswahili ya Redio Vatikani. Nilipokwenda kwake na kumwamkia, alijibu, "Marahaba mjukuu wangu. Tangu watoto wafunge taa zao, Papa hasemi." Nikaishika redio mkononi nikatembea nayo. Karibu na dirisha lenye taa ilivuma kama nyuki, sebuleni ikapungua, na nje chini ya mwembe uvumi ukaisha kabisa. Nikarudi ndani, nikamwambia mjukuu achomoe taa, Kiswahili kikatoka pale pale. Sikugusa hata skrubu. Mawimbi yale yalirushwa kutoka Santa Maria di Galeria, karibu na Roma, takriban kilomita 6,500 kutoka Mtwara, yakaja kuzuiwa na taa za urefu wa mita tano. Umeme ukikatika mtaani wengine hulalamika, mimi huchukua redio ya betri na kutoka uani, kwa sababu hakuna saa tulivu kama hiyo.

Kelele ya radi ni nyingine, na inafaa kuitofautisha. Taa huvuma mfululizo bila kupumzika. Radi hupasuka "kra!", ikanyamaza, ikapasuka tena. Desemba mvua zimeanza huku kwetu, na mawingu ya radi yametanda kuelekea Msumbiji na Malawi, kwa hiyo mipasuko hiyo itasikika hata kama anga la Mtwara ni jeupe. Haina dawa. Ni ya kuvumilia, au upande mita bendi za juu, ambako hupungua. (Mita bendi ni mafungu ya masafa mafupi yanayotajwa kwa urefu wa wimbi: namba ikiwa ndogo, masafa ni ya juu zaidi.)

Sasa tuje kwenye jua, maana ndilo linalopanga ratiba ya siku. Wiki ya Krismasi jua la Mtwara huchomoza dakika chache kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo masafa ya kati yamejaa wageni: Kireno kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Kiarabu, lugha nyingine hata sizitambui. Jua likipanda, miale yake inaamsha tabaka la chini la anga lenye chembe za umeme, kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu, ambalo mafundi huliita tabaka D. Tabaka hilo hunyonya mawimbi ya masafa ya kati yanapojaribu kupanda, na wale wageni wa alfajiri wanapotea mmoja mmoja. Mnamo saa sita na robo mchana jua liko karibu utosini, limeegemea kusini kidogo tu, na masafa ya kati yanabakiwa na vituo vya jirani, kama vipo. Saa hizo hamia mita bendi 16 au 13. Mawimbi ya huko yanapenya tabaka D bila kupoteza nguvu nyingi, yanagonga tabaka F lililo juu zaidi, na kurudishwa ardhini mbali sana.

Kwenye kurudishwa huko kuna jambo linalowashangaza wengi. Shirika la Utangazaji Zanzibar lina mtambo wa masafa mafupi Dole, Unguja, na masafa yake yanayojulikana zaidi ni kilohezi 11735, mita bendi 25. Kutoka huko hadi Mtwara ni kama kilomita 470 kwa mstari ulionyooka. Mtu ananiuliza, "Inakuwaje usiku nasikia Ulaya, na Unguja hapo tu siipati?" Ni kwa sababu wimbi la kutua karibu lazima lirushwe kwa pembe ya wima zaidi. Jioni mapema tabaka F bado lina nguvu ya kulirudisha. Usiku ukikolea linadhoofika, wimbi lile la wima linapita na kwenda zake angani, na lililorushwa kwa kulala ndilo pekee linalorudi, likituruka na kutua mbali. Kwa hiyo taarabu ya Unguja itafute jioni mapema.

Tarehe 24 Desemba ina mambo yake. Asubuhi, kwa desturi, kituo cha Grimeton huko Uswidi huwasha mashine yake ya miaka ya 1920 na kurusha salamu za Krismasi kwa alama za Morse, kwenye kilohezi 17.2. Kituo hicho kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2004, na nakipenda mno, kwa sababu wimbi lake hutengenezwa na gurudumu la chuma linalozunguka, bila vali, ile taa ya kioo ya ndani ya redio za zamani, wala transista. Wimbi moja lina urefu unaozidi kilomita 17, mbali kuliko kutoka mjini hadi Mikindani. Redio ya kawaida haishuki huko, mimi hukisikiliza kupitia vipokezi vya Ulaya vilivyounganishwa na intaneti.

Jioni hiyo hiyo, saa tisa alasiri ya London, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili, huanza ibada ya masomo tisa na nyimbo kutoka kanisa la King's College, Cambridge. Ilianza 1918 na ikaingia redioni 1928. Hapa jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo tunaanza na tabaka D lililochoka na kumaliza likiwa limetoweka. Jaribu Idhaa ya Dunia ya BBC kwenye mita bendi 25 na 19. Sauti ya mtoto mmoja inayofungua ibada huja ikififia na kupanda, na nyimbo za mwisho, giza likishaingia, hutoka wazi zaidi.

Ili uipate vizuri, funga waya wa kawaida wa mita kama kumi kwenye tawi la mwembe, mbali na nyaya za umeme, na uuunganishe na antena ya redio. Kwa masafa ya kati waya huo hausaidii sana, geuza redio yenyewe, maana antena yake ni kile kijiti cheusi cha ndani, na kina upande kinaousikia na upande kisiousikia. Na ngurumo ikikaribia, toa ule waya kwenye redio na uuache nje.