Vinland ni wapi hasa?

Mjadala wa mabaharia wa Skandinavia waliotangulia Columbus haukosi mtu wa kusema "walifika Vinland, yaani L'Anse aux Meadows". Hiyo "yaani" ndiyo yenye kasoro.

Vinland ni nchi ya kusini kabisa kati ya tatu zinazotajwa katika masimulizi ya kale ya Iceland, baada ya Helluland na Markland. Ni eneo zima, na mipaka yake haikuandikwa popote. L'Anse aux Meadows ni kambi moja, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Newfoundland, Kanada. Helge Ingstad aliitambua mwaka 1960, na mkewe, mwanaakiolojia Anne Stine Ingstad, akaongoza ufukuaji. Zilionekana nyumba nane, misumari ya chuma, na mbao zilizokatwa kwa chuma mwaka 1021.

Sasa, masimulizi yanasifu zabibu za Vinland, na Newfoundland zabibu hazioti. Ila kambini zilikutwa kokwa za butternut (si lile boga la sokoni, hizi ni jamii ya jozi), mti ambao nao hauoti kisiwani humo. Makao yake ya karibu ni New Brunswick, jimbo la Kanada ng'ambo ya ghuba, ambako zabibu mwitu zipo. Maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba watu wa kambi walishuka kusini, wakarudi nazo.

Hapo ndipo watu hurukia Maine, jimbo la Marekani lililo kusini zaidi, kwa sababu mwaka 1957 iliokotwa huko sarafu ya Norwei ya mfalme Olaf Kyrre, aliyetawala 1067 hadi 1093. Lakini hiyo ilikutwa kwenye makazi ya wenyeji, pamoja na zana za mawe ya Labrador. Kama haikuwekwa hapo na mtu wa siku hizi kwa udanganyifu, basi ilipita mikono mingi ya wafanyabiashara wenyeji. Sarafu za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944, na hatujadai kwamba Sultani alikuwa na gavana huko! Jiwe la Kensington la Minnesota, lenye maandishi yanayodaiwa kuwa ya mabaharia hao, silijadili. Wataalamu wengi wa lugha za Skandinavia walishalikataa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema sarafu ya Waskandinavia ilifika Maine. Wao wenyewe, kwa ushahidi uliopo, waishie New Brunswick.