Kichanga analala mchana kutwa: shingo itakaza saa ngapi?

Mama wa mtoto wa wiki tatu akiingia chumbani kwangu, mara nyingi swali lake ni hili: "Daktari, nimeambiwa nimlaze kifudifudi akaze shingo, lakini kila nikimlaza anasinzia. Nimwamshe?" Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia ya watoto hapa Dar es Salaam, ila jina hilo nimeshalizoea. Jibu langu ni kwamba kwa ajili ya shingo, usimwamshe. Kwa ajili ya kunyonya, mwamshe.

Kichanga wa miezi mitatu ya mwanzo hulala saa 14 hadi 17 kati ya 24. Ukitoa muda wa kunyonya, wa nepi, wa kuoga na wa kulia, dakika anazokuwa macho ametulia ni za kuokoteza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto ambaye hajaanza kutambaa alale kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku. Wazazi wengi husikia hiyo 30 tu na kukata tamaa, wakati ushauri wenyewe unasema zigawanywe siku nzima. Kwa mtoto wa wiki mbili mimi huhesabu dakika moja hapa, mbili pale. Nusu saa itafika yenyewe wiki zikisogea na macho yakianza kukaa wazi.

Kwa nini shingo ni teketeke hivyo? Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote. Tumboni alikuwa akielea majini, uzito wa kichwa haukumhusu. Kazaliwa, ghafla anatakiwa aubebe. Misuli ya upande wa kisogo ndiyo inayotangulia kupata nguvu, ile ya mbele ya shingo inafuata baadaye. Ndiyo maana mtoto wa wiki sita anaweza kuinua uso sekunde chache akiwa kifudifudi, halafu ukimkalisha kwa kumvuta mikono kichwa kinabaki nyuma. Hakuna kasoro hapo. Na hilo la kumvuta mikono tuachieni sisi, msimpime nyumbani.

Mwezi wa kwanza kinachotarajiwa ni kidogo sana: akilazwa kifudifudi aweze kugeuza uso upande ili apumue. Kwenye miezi miwili anainua kichwa, kinatikisika, kinaanguka, anainua tena. Kufikia miezi minne ukimbeba wima kichwa kinatulia bila mkono wako.

Sasa, mahali pazuri pa kuanzia si sakafuni. Ni kifuani kwako. Egemea mto au kichwa cha kitanda, mgongo wako uwe katikati ya kukaa na kulala, umlaze mtoto kifua kwa kifua, akiwa na nepi tu kama hakuna baridi. Ukiegemea hivyo kichwa hakimlemei kama akiwa amelala bapa, kwa hiyo hata mlegevu wa usingizi anaweza kukisogeza. Ita jina lake, sema naye. Uso wako uko kama sentimita 25 kutoka kwake, na huo ndio umbali anaouona vizuri. Utaona paji la uso linakunjamana, kidevu kinakwaruza kifua chako, kisha kichwa kinanyanyuka kidogo na kuangukia shavu la pili. Hilo ndilo zoezi, na amelifanya mwenyewe. Kadiri wiki zinavyopita, wewe egemea chini zaidi na kazi yake inaongezeka. Wazazi wa njiti wanaujua mkao huu kwa jina la kangaruu. Ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey, kwa sababu ya joto na uhai wa watoto wadogo sana, lakini shingo nayo inafaidika. Baba anaweza pia, kifua si lazima kiwe na maziwa.

Saa ya kufanya haya kwa mtoto msinziaji ni katikati ya titi la kwanza na la pili. Akishanyonya upande mmoja, njaa kali imepungua lakini bado hajalewa maziwa. Mfunue, badilisha nepi, mpe dakika moja kifudifudi juu ya mapaja yako au kifuani, kisha mpe titi la pili. Unamzindua anyonye vizuri na shingo inapata zamu yake. Ukingoja ashibe, utalaza gunia. Na akishashiba, mweke wima begani umcheulishe kwa kumshika mgongo wa juu na kisogo kwa wepesi, vidole vikiwa tayari badala ya kukibana kichwa. Pale anapokitikisatikisa kichwa begani kwako, anafanya kazi.

Nepi yenyewe ni nafasi ambayo watu wanaipoteza. Wengi humnyanyua mtoto kwa miguu miwili, makalio juu, shingo imejikunja. Mimi humgeuza ubavu, nafuta, namgeuza ubavu wa pili, nafuta. Na ninapomwinua kutoka kitandani simnyanyui moja kwa moja akiwa chali. Namviringisha kwanza aje ubavu, mkono mmoja chini ya bega na shingo, ndipo namwinua akipitia upande. Kila mviringisho unamdai akilete kichwa chake kidogo. Hesabu nepi za siku moja, utaona ni mazoezi mangapi bila kutenga muda wowote.

Kwa sakafuni, tandika mkeka na kitambaa safi. Godoro laini halifai, anazama. Kunja kanga iwe kama bomba jembamba, ipitishe chini ya kifua usawa wa makwapa, viwiko vije mbele ya mabega, kidevu kipite juu ya kanga. Halafu kuna jambo moja dogo ambalo mama mmoja aliniambia ni uchawi: weka kiganja juu ya makalio ya mtoto, kandamiza taratibu sana ukielekeza miguuni. Uzito unahama kutoka kifuani kwenda nyonga, na kichwa kilichokuwa kimekwama kinapanda. Ukitoa kiganja kinashuka. Akianza kunung'unika mgeuze, msihesabu dakika mkimliza. Akisinzia, mgeuze chali papo hapo.

Hilo la chali sina mjadala nalo. Mwaka 1992 madaktari wa watoto Marekani walianza kushauri watoto wasilazwe kifudifudi wakati wa kulala, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika muongo mmoja hivi. Kifudifudi ni kwa mtoto aliye macho na anayetazamwa. Na wewe uliyeegemea naye kifuani ukihisi usingizi, mpe mwingine ampokee.

Bibi zetu nao wana lao. Kumkanda mtoto kwa mafuta baada ya kuoga sina ugomvi nako, tena kunamwamsha vizuri. Kumvuta shingo ili irefuke, kumning'iniza kwa kichwa au miguu, hapana. Misuli haikazi kwa kuvutwa, inakaza kwa kutumika. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliwafuatilia watoto wa Kipsigis huko Kenya ambao mama zao waliwafundisha kukaa, wengine wakiwawekea kishimo kidogo ardhini chenye kitambaa. Walikaa na kutembea mapema kama mwezi mmoja kuliko watoto wa Marekani, lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwatangulia. Kinachozoezwa ndicho kinachotangulia. Kwa hiyo bibi yuko sahihi kwamba mtoto anafundishika. Tunabishana juu ya namna tu.

Kuna usingizi ambao si wa kuujadili na mtu wa mazoezi kabisa. Kichanga asiyeamka kunyonya, au anayeshika titi na kuliacha akalala, kila mara, anahitaji hospitali leo. Vivyo hivyo akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili wa baridi usiopata joto, pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, degedege, manjano ndani ya saa 24 za kwanza au manjano yaliyofika viganjani na nyayoni, au hajisogezi mpaka aguswe. Katika wiki za mwanzo, kabla hajarudisha uzito aliozaliwa nao, asipitilize saa tatu bila kunyonya. Hapo ndipo kumwamsha kuna maana.

Na sasa upande wa pili, ambao watu hawautarajii. Huletewa watoto ambao nyumba nzima inajisifia: "Huyu shingo ilikaza tangu wiki ya kwanza!" Namchukua, namkuta anajipinda nyuma kama upinde, kichwa kimetupwa kisogoni, ngumi zimefumbwa na hazifunguki. Nguvu ya shingo ni kuweza kupeleka kichwa mbele, kando na kukirudisha. Kukakamaa si nguvu, na huweza kuwa dalili ya awali ya mtindio wa ubongo. Kinyume chake ni mtoto anayeteleza mikononi ukimshika chini ya makwapa, kana kwamba mabega hayapo. Wote wawili wanahitaji kuonwa mapema, sawa na yule anayetazama upande mmoja tu na kichwa kuanza kuwa bapa upande huo. Wa namna hiyo mara nyingine ana kinundu kwenye msuli wa shingo, na akianza mazoezi mapema hupona vizuri sana. Ukiona dalili za upendeleo huo, badilisha upande unaolaza kichwa chake kitandani na mkono unaombebea, halafu njoo.

Kwa njiti, hesabu umri kuanzia tarehe aliyopaswa kuzaliwa. Aliyewahi miezi miwili, akiwa na miezi minne kwenye kadi, shingoni ni wa miezi miwili.

Ukija kliniki, njoo na video kwenye simu: dakika moja akiwa macho kifudifudi, nyingine akiwa chali bila nguo. Kwa foleni zetu, zamu yake ikifika atakuwa amelala fofofo.