Lakiri ya kontena: maana yake, na jinsi mzigo unavyoibwa lakiri ikiwa bado nzima

Lakiri, ambayo madereva wengi huiita sili, ni kifungo cha kutumika mara moja kinachotiwa kwenye mlango wa kontena mzigo ukishapakiwa. Kila lakiri ina namba isiyorudiwa, na ikishafungwa haitoki mpaka ikatwe. Wengi huichanganya na kufuli. Kufuli linamzuia mwizi, ilhali lakiri, hata ile nene kabisa, hukatwa kwa mkasi wa vyuma kwa sekunde chache. Kazi yake ni kutoa ushahidi kama mlango umefunguliwa njiani na, kumbukumbu zikiwekwa vizuri, umefunguliwa mikononi mwa nani.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 17712 kinazigawa lakiri katika madaraja matatu, kuanzia dhaifu hadi imara: I, S na H. Za I mara nyingi ni plastiki tupu. Kwa mzigo unaovuka mpaka, mathalani kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi au Kigali, tumia H, ile ya msumari wa chuma unaozama kwenye kichwa chake. Sehemu yake pana inapaswa kufika angalau milimita 18 ili isipenye tundu la komeo, na lazima ihimili mvuto wa kilonyutoni 10, yaani karibu uzito wa tani moja. Herufi H huwa imegongwa kwenye lakiri yenyewe. Usipoiona, usinunue, hata muuzaji aape.

Lakini wizi mwingi wa kontena hauigusi lakiri kabisa, na hapa ndipo watu wanapoumia. Lakiri hufungwa kwenye mlango wa kulia kwa sababu ndio unaoulalia wa kushoto, kwa hiyo wa kushoto haufunguki kwanza. Mwizi anayeijua kazi huacha lakiri ilivyo, akatoboa ribiti, yaani pini ya chuma inayoshika mkono wa mlango. Mkono ukilegea, mlango unafunguka. Akishashusha maboksi, anarudisha ribiti au anatia bolti yenye kichwa cha mviringo, anaziba kwa puti na kupaka rangi. Mpokeaji anaona namba ileile, anakata lakiri, na katoni 40 hazipo. Kwa hiyo tazama ribiti za mikono na za bawaba: zinazong'aa kuliko jirani zake, zenye rangi mbichi, au zenye nati upande wa ndani, zina habari.

Njia nyingine ni kuikata lakiri katikati, kuchonga hesi ndani ya msumari na kuiunganisha tena. Kwa macho huoni kitu. Ndiyo maana ukaguzi una hatua nne: tazama lakiri na komeo lake, soma namba na uilinganishe na hati herufi kwa herufi, vuta kwa nguvu kuelekea chini, kisha zungusha. Usiiache hatua ya mwisho, maana lakiri iliyochongwa hesi hujifungua mkononi unapoizungusha.

Namba nayo haina maana isipoandikwa kila mzigo unapobadilisha mikono: ghalani, getini, bandari kavu, mpakani, kwa mpokeaji. Piga picha moja inayoonyesha namba ya kontena na ya lakiri kwa pamoja. Forodha wakifungua kukagua na kufunga lakiri mpya, namba mpya iandikwe kwenye hati palepale na ile iliyokatwa ihifadhiwe. Pengo la saa mbili tu lisilo na maandishi linatosha kila mtu kusema haikuwa zamu yake. Lakiri ambazo hazijatumika zikae kabatini chini ya ufunguo, na daftari liwe la mtu mmoja. Boksi la lakiri likiachwa mezani, mwizi hahitaji kughushi chochote.

Kabla ya kupakia, pima kontena tupu kwa futi kamba. La futi 20 lina takriban mita 5.9 kwa ndani. Likipungua sentimita 20, huenda kuna ukuta wa uongo, na vitu vilivyofichwa nyuma yake vitasafiri kwa jina lako.

Lakiri za kielektroniki, kama zinazotumiwa kufuatilia mizigo ya mpito Kenya, Uganda na Rwanda, huonyesha lori lilipo na hutoa tahadhari zikifunguliwa. Hazijui kama paa limetobolewa. Risiti za mizani husaidia hapo: linganisha ya Vigwaza, kituo cha mizani mkoani Pwani, na ya mwisho wa safari. Ila kumbuka dizeli. Lita 400 zilizochomwa ni karibu kilo 340, kwa hiyo upungufu wa kiasi hicho peke yake hauthibitishi wizi.

Mzigo ukifika na lakiri yenye mashaka, usiikate papo hapo. Piga picha kwanza, mjulishe mwenye mzigo na bima, ndipo uikate na kuhesabu mzigo dereva akiwepo. Vipande vya lakiri viwekwe kwenye mfuko wenye tarehe na saini za waliokuwepo. Kisha andika kasoro kwenye hati ya kupokelea kabla ya kusaini. Sahihi tupu inasomeka kwamba mzigo umefika salama, na ukidai fidia baadaye, msafirishaji ataitoa karatasi hiyohiyo kujitetea.