"Ndivyo walivyo" si jibu: utamaduni na mauaji ya kimbari ya Rwanda

Ukiishi Arusha na watu wakijua kwamba unafundisha historia ya mauaji ya kimbari, swali utakalolisikia ni lile lile: "Mwalimu, hivi wale wenzetu ndio utamaduni wao ulivyo?" Kondakta wa daladala huliuliza, na msomi mwenye shahada zake naye huliuliza. Huyu wa pili ndiye anayeniudhi, maana hujijibu mwenyewe: Wanyarwanda wana utamaduni wa kutii mamlaka, basi, mjadala umekwisha.

Utii ulikuwepo, sibishi. Lakini tazama Taba, tarafa moja ya Rwanda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa hapa kwetu, kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na hukumu yake ya 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, ndiyo ninayowapa wanafunzi kabla ya kitabu chochote. Majaji waliona kwamba mauaji ya Watutsi yalipoanza Aprili 1994, Akayesu alijaribu kuyazuia. Tarehe 18 viongozi wa serikali ya mpito, iliyoyaunga mkono mauaji, wakakutana na mameya mkoani Gitarama. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, na Taba ikaanza kuteketea.

Butare ni hivyo hivyo. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee mwenye cheo hicho nchini, alizuia mauaji kwa karibu wiki mbili katika sehemu kubwa ya mkoa. Akaondolewa. Tarehe 19 Rais wa mpito, Théodore Sindikubwabo, akaja kuhutubia, na damu ikamwagika kila upande. Sasa niambie, ni utamaduni gani uliobadilika kati ya tarehe 10 na tarehe 20? Utii ule ule uliowatuliza watu ndio uliowapeleka kuua. Aliyebadilika ni mtoa amri. Na ukivuka mpaka kwenda Burundi, mwaka 1972 jeshi lililoshikwa na Watutsi liliua Wahutu, wasomi hasa, katika jamii yenye mila zinazofanana mno na za Rwanda.

Majaji wa kesi ya Akayesu wenyewe walikwama kwenye utamaduni. Ili kosa liwe mauaji ya kimbari, ni lazima wanaolengwa wawe kundi, kwa mfano kabila. Walifafanua kabila kuwa kundi la watu wenye lugha au utamaduni mmoja, kisha wakajikuta na Wahutu na Watutsi wanaozungumza Kinyarwanda kile kile, wenye mila zile zile, hata koo zilizochanganyika. Kwa ufafanuzi huo Watutsi hawakuwa kundi la peke yao! Walichoshika ni vitambulisho vilivyoandikwa kabila, urithi wa Wabelgiji tangu miaka ya 1930, na ukweli kwamba Wanyarwanda wenyewe walijigawa hivyo.

Kwa hiyo utamaduni tuutupe? Hapana, ila tuuulize maswali mengine: nani aliuchukua, lini, na akaufanyia nini. Umuganda ni mfano mzuri. Kazi ya pamoja ni desturi ya zamani. Utawala wa Rais Juvénal Habyarimana (si yule mkuu wa mkoa) uliigeuza kuwa wajibu wa serikali, na mwaka 1994 viongozi wa mitaa waliokuwa wamezoea kuwaita watu kwenye mitaro wakawaita kwenye vizuizi vya barabarani. Hata kuua kukaitwa kazi. Desturi haikuagiza mauaji, lakini iliwapa waandaaji njia ya kukusanya watu bila kuanza upya.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa mwanamuziki Simon Bikindi. Nyimbo zake zilipigwa siku za mauaji na RTLM, redio iliyochochea chuki dhidi ya Watutsi. Desemba 2008 mahakama hiyo hiyo ya Arusha ilimfunga miaka 15, lakini si kwa nyimbo: ni kwa maneno ya kuchochea Watutsi wauawe aliyoyatamka kwenye kipaza sauti cha gari mwishoni mwa Juni 1994. Kuhusu nyimbo, majaji walikubali kwamba zilipotosha historia ya Rwanda, ila hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba alizitunga akikusudia kuchochea mauaji.

Kisheria naona walikuwa sahihi. Jaji anatafuta nia ya mtu mmoja siku alipotunga. Mimi natafuta jambo ambalo mahakama haikuwa na sababu ya kulichunguza: msikilizaji aliyekuwa akizicheza nyimbo hizo arusini kabla ya mauaji alisikia nini humo, na alipozisikia tena redioni Aprili 1994, ameshika panga, alisikia nini. Wanafunzi wangu huanzia hapo, na ndipo mabishano yanapokolea.