Kwa nini samaki wa vizimba huhema alfajiri

Wafugaji wa sato kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, Ghuba ya Mwanza hata Winam kule Kenya, wanaifahamu hali hii. Jioni maji ni ya kijani kama rangi iliyomwagika, na samaki wanachangamkia chakula. Saa kumi na moja alfajiri samaki walewale wamejazana juu, midomo wazi. Lawama ya kwanza humwendea jirani: kamwaga sumu.

Huenda jirani hana kosa. Kijani kile ni sayanobakteria. Tumezoea kuwaita mwani, ingawa ni bakteria, na wao pia wanapumua. Ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni, yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita, lakini oksijeni hiyo huitoa penye mwanga tu.

Seli yao haina kloroplasti, chumba ambamo mimea hutengeneza sukari kwa mwanga, wala mitokondria, chumba cha kupumulia. Kazi zote mbili hufanyika kwenye utando mmoja wa ndani, thailakoidi. Fikiria mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa umeme wa jua mchana na kwa dizeli usiku: chanzo kinabadilika, jiwe ni lilelile, na unga ni uleule, yaani ATP, nishati ya seli. Mchana mwanga huvunja maji, elektroni husafiri kwenye utando, oksijeni inatoka, na sukari inayobaki huwekwa akiba kama glikojeni. Giza likiingia, glikojeni ndiyo dizeli. Elektroni zake hupita sehemu kubwa ya njia ileile, ila mwishoni hupokewa na oksijeni, nayo hugeuka maji.

Jamii iitwayo Dolichospermum ina ujanja zaidi. Kwenye hadubini huonekana kama ushanga, na hapa na pale kuna punje nene isiyofanana na wenzake. Punje hiyo hunasa naitrojeni ya hewa, kazi inayoharibiwa na oksijeni, basi hupumua kwa kasi ili kuimaliza oksijeni inayopenya ndani. Ndiyo maana huwa nasisitiza kupunguza fosforasi, kirutubisho kinacholetwa na mito na maji machafu: naitrojeni hawa hujitafutia.

Ongeza samaki wenyewe, na bakteria wanaoozesha mwani uliokufa, wote wakivuta oksijeni ileile usiku kucha. Kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya. Pima kabla jua halijachomoza. Ukikuta oksijeni iko chini ya miligramu 3 kwa lita, usimwage chakula mpaka jua lipande na kipimo kipande nalo.