Dawa ya kuchora kioo: usingoje iume

Harusi nyingi hapa Bagamoyo siku hizi zina bilauri zenye majina ya maharusi, yameandikwa kwa weupe wa ukungu usiofutika. Vijana wanazichora nyumbani: stika inakatwa umbo, inabandikwa kwenye kioo, uwazi unapakwa krimu, baada ya dakika chache inaoshwa na stika inabanduliwa. Kazi nzuri, na inalipa. Mimi ni muuguzi. Maswali haya nimeulizwa na wachoraji wenyewe, mengine barazani, mengine mtu akiwa tayari ameshikilia kidole.

Sista, hiyo krimu ina nini hasa, mbona inakula kioo na kopo lake la plastiki halili?

Nyingi zina chumvi za floraidi, ambazo zikikutana na maji au jasho hutoa asidi iitwayo haidrofloriki. Asidi hiyo huyeyusha silika, ambayo ndiyo kioo chenyewe, maana kioo hutokana na mchanga. Plastiki haina silika. Kuna aliyeniambia, "Lakini floraidi si ipo hata kwenye dawa ya meno?" Ipo, kidogo sana, na si ya asidi kali. Hata hiyo kidogo ikizidi kwenye maji ya kunywa, meno ya watoto hubadilika rangi, kama wanavyojua wenzetu wa Arusha. Kwenye krimu ni nyingi, na inakufikia kwa mara moja.

Jana ilinigusa kidole nikaifuta kwa kitambaa. Haikuuma. Si yameisha?

Hayajaisha, na hapa naomba tuelewane vizuri. Asidi ya betri ikikudondokea unaruka papo hapo. Hii inaweza kukaa saa kadhaa bila kuuma, hata siku nzima ikiwa si kali. Muda wote huo floraidi inapenya ngozi na kushuka chini, ikikamata kalsiamu ya mwili kila inapoikuta. Inaweza kufika hadi mfupani. Ikiingia nyingi, kalsiamu ya damu hushuka, na moyo unaoitegemea ili udunde sawasawa unaweza kuvuruga mapigo yake.

Binti mmoja alichora bilauri kumi na mbili mchana kwa mikono mitupu. Usiku wa manane kidole cha shahada kikaanza kupwita. Asubuhi nilipokishika, ncha ilikuwa nyeupe kama ngozi iliyoloweshwa sana, pembeni nyekundu, na chini ya ukucha pamekuwa pa kijivu. Jeraha lenyewe dogo kuliko punje ya hindi, lakini mtu mzima alikuwa analia. Alisema, "Kingeuma mapema ningekuja mapema." Sijalisahau neno hilo.

Basi ikinigusa nifanye nini?

Maji yanayotiririka, pale pale, dakika 15 kamili. Vua pete, saa na nguo iliyolowa. Usipake mafuta, asali, dawa ya meno wala majivu. Kisha nenda hospitali hata kama huumwi, na ubebe kopo (lifunge vizuri, ulitie kwenye mfuko wa plastiki). Ukifika usiseme "nimeungua" tu. Sema "nimeungua na asidi yenye floraidi," maana tiba yake ni tofauti: jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5. Wenzangu wa zahanati, ikikosekana, dawa ya sindano ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 sehemu moja huchanganywa na jeli ya kulainisha sehemu tatu.

Ikiingia jichoni, shikilia kope wazi umwagie maji safi dakika zisizopungua 15 huku wengine wakitafuta usafiri. Mtoto akiilamba au kuimeza, asitapishwe kabisa. Kama ana fahamu zake na anaweza kumeza, mpe maziwa, kisha mkimbize hospitali.

Glavu zile nyembamba za hospitali zinatosha?

Hazitoshi. Tafuta glavu nzito za mpira zinazofika karibu na kiwiko. Kabla ya kuvaa zijaze maji uone kama zinavuja: tundu moja dogo hufungia asidi ndani pamoja na jasho lako, na hapo afadhali usingevaa. Miwani ya fundi ya kuziba pembeni nayo ni lazima.

Nafanyia chumbani, nimevaa barakoa.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa asidi. Toka uani, kaa mahali upepo wa bahari unapita ubavuni kwako na kuichukua harufu. Kama unaishi chumba kimoja na watoto wadogo, ushauri wangu ni kwamba kazi hii usiifanyie hapo. Tumia stika za ukungu zilizo tayari; wateja wengi hawaoni tofauti kwa mbali.

Maji ya kuoshea nimwage wapi?

Oshea kwenye ndoo ya plastiki, si sinki la kauri, maana krimu itakula mng'ao wake. Tia chokaa ndani ya ndoo, ikoroge, iache ituame. Kalsiamu ya chokaa hukamata floraidi kama ile ya mwili wako inavyokamatwa, na ndoo ni mahali bora pa jambo hilo kutokea. Chokaa usijipake mwilini.

Je, nikiacha krimu nikapuliza mchanga kwa kompresa?

Hilo nalikataza kwa nguvu zote. Vumbi laini la mchanga hukaa kwenye mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya, nao hufungulia mlango kifua kikuu. Kalamu yenye ncha ya almasi, kioo kikiwa kimeloweshwa maji ili unga usiruke, ni salama zaidi.

Na anayenywea hizo bilauri?

Hana shida, ikiwa umechora nje tu, mbali na mdomo wa bilauri, na ukaosha kwa maji mengi na sabuni. Kilichobaki pale ni kioo kilichokwaruzika.